Kumaliza na Kungoja: Likizo, Lugha na Udahili wa Vyuo Vikuu kwa Wanafunzi wa Mpanda na Mkoa wa Katavi

1.0 Utangulizi

Suala la udahili wa wanafunzi katika vyuo vikuu vya Tanzania hujadiliwa mara nyingi kwa kutazama mambo mawili tu, yaani alama za mtihani na idadi ya nafasi zilizopo. Ni mara chache mno wachambuzi huuliza mwanafunzi alikuwa wapi na alikuwa akifanya nini katika miezi ambayo shule zimefungwa. Kimya hicho kina sababu yake. Fomu ya maombi ya chuo kikuu nchini haina mahali pa kujaza habari za likizo. Kwa mwombaji anayepitia kidato cha sita, kinachotazamwa ni ufaulu wake katika mtihani wa taifa, na kiwango cha chini kinachotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu ni ufaulu wa ngazi ya juu katika masomo mawili, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Alitumiaje mwezi wa Desemba, alilima au alisoma, alivua au alilala, si jambo linaloulizwa.

Kutokana na hali hiyo imejengeka dhana kwamba likizo haihusiani kabisa na udahili. Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Hoja ya kwanza inayotetewa hapa ni kwamba mfumo usiouliza habari za likizo huipima likizo hiyohiyo kwa njia nyingine, na kwamba njia iliyo kubwa kuliko zote ni lugha. Hoja ya pili ni kwamba dawa ya tatizo hili haipatikani kwa kuanza kuzihesabu shughuli za likizo katika udahili, kama inavyofanyika Marekani, na kama ilivyopata kujaribiwa hapa nchini kwa namna yake. Hoja ya tatu ni kwamba idara za Kiswahili zina wajibu wa pekee katika jambo hili. Mfano unaotumiwa ni wa Mpanda na Mkoa wa Katavi kwa jumla, mahali ambapo kalenda ya shule na kalenda ya shamba zinapingana waziwazi.

2.0 Kalenda na Maneno Yake

Yafaa kwanza kuitazama kalenda. Mwanafunzi wa sekondari ana likizo mbili kubwa katika mwaka, ile ya Juni na ile ya Desemba, na kila moja haizidi sana mwezi mmoja. Vipo hata hivyo vipindi viwili virefu zaidi ambavyo havimo katika orodha ya likizo. Kipindi cha kwanza ni kile cha baada ya mtihani wa kidato cha nne. Mtihani huo hufanyika mwezi Novemba, matokeo hutangazwa mwishoni mwa Januari, na waliochaguliwa huanza kidato cha tano mwezi Julai. Kipindi hicho ni cha miezi ipatayo saba. Cha pili ni kile cha baada ya mtihani wa kidato cha sita, ambao hufanyika mwezi Mei. Matokeo yake hutoka Julai, na vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Baadhi ya wahitimu hao huitwa katika Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Wengine hurudi makwao.

Maneno yanayotumiwa kuvitaja vipindi hivi yanastahili kuangaliwa na mwanaisimu. Neno likizo hubeba ndani yake maana ya kurudi. Mtu aliye likizoni ana kazi au shule inayomsubiri, na watu wa nyumbani hulijua hilo. Vipindi viwili virefu vilivyotajwa haviitwi likizo. Husemwa kwamba mtoto 'amemaliza', na kwamba 'anangoja matokeo'. Kitenzi kumaliza hakitaji kilichomalizwa. Yaweza kuwa ni mtihani, ni kidato, au ni shule yenyewe. Walimu na wizara humaanisha kwamba mwanafunzi amemaliza ngazi moja na anatazamia nyingine. Katika kaya nyingi za vijijini neno hilohilo hueleweka kuwa mtoto amemaliza utoto wa shule, na sasa ni mtu mzima wa kupewa jembe lake, ng'ombe wake wa kuchunga, au mchumba.

Tofauti hii ya maana si mchezo wa maneno. Likizo humlinda mtoto kwa sababu ina mwisho unaojulikana. Kumaliza hakumlindi, maana mwisho wake umekwisha kutamkwa. Katika miezi saba ya kungoja, mwanafunzi hana hadhi yoyote inayotambuliwa. Vitabu vya shule amekwisha kuvirudisha, jina lake halimo tena katika daftari la mahudhurio, na mlango wa maktaba, kama ipo, si wake tena. Waswahili husema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa kijana wa Katavi, ngoja ngoja hiyo huumiza pia masomo.

3.0 Mkoa na Msimu

Mkoa wa Katavi ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Mji huo ulikua kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi uliofunguliwa katika eneo la Uruwira baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa kuufuata mgodi huo. Mgodi ulifungwa zamani, reli ingalipo. Idadi ya watu wa mkoa ilikuwa 564,604 katika sensa ya mwaka 2012, na ilifikia 1,152,958 katika sensa ya mwaka 2022. Yaani, katika muda wa miaka kumi idadi hiyo iliongezeka zaidi ya maradufu. Wabende, Wapimbwe na Wakonongo wanaishi pamoja na Wafipa, na pamoja na Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Wapo pia raia wapya wa Katumba na Mishamo, ambao wazazi wao waliikimbia Burundi mwaka 1972. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote hao sokoni, zahanati na shuleni wakati wa mapumziko.

Mvua za mkoa huu hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Ndiyo kusema kwamba siku mwanafunzi wa kidato cha nne anapoweka kalamu chini ndizo siku jembe linapoinuliwa. Mahindi hupandwa, mpunga hupandwa katika mabonde ya Mpimbwe, na miche ya tumbaku hutolewa vitaluni kwenda shambani. Tumbaku ni zao lisilompa mtu nafasi. Baada ya kupandwa hupaliliwa, maua hukatwa, majani huchumwa kwa zamu kadiri yanavyokomaa, kisha hukaushwa katika mabani kwa moto unaolindwa usiku na mchana. Baada ya hapo huchambuliwa kwa madaraja na kufungwa katika mitumba. Kazi hizo huanza wakati kijana anapomaliza mtihani na huendelea mpaka karibu na siku anayotakiwa kuripoti kidato cha tano. Kwa aliyemaliza kidato cha sita mwezi Mei, kinachomkuta nyumbani ni mavuno ya mpunga na mahindi.

Si wote wanaolima. Katika Karema na Ikola, kandokando ya Ziwa Tanganyika, wavulana huingia katika mitumbwi ya dagaa na migebuka. Wengine huvutwa na machimbo madogo ya dhahabu, ambako fedha huonekana haraka kuliko matunda ya shule. Mjini Mpanda wapo wanaoendesha bodaboda na wanaouza maduka ya jamaa zao. Wasichana hubaki na kazi za nyumbani ambazo hazina saa ya kuanza wala ya kwisha.

Ni wajibu kusema wazi kwamba kazi hizi si uvivu wala si uovu wa wazazi. Ada ya shule za serikali iliondolewa katika elimu ya sekondari ya chini mwaka 2016, na katika kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Hata hivyo nauli, godoro, sare na vifaa vya bwenini havikuondolewa. Mwanafunzi aliyepangiwa shule iliyo mbali na mkoa wake hununua vitu hivyo kwa fedha zilizotokana na msimu huohuo alioufanyia kazi. Kwa maana hiyo shamba ndilo linalompeleka shuleni. Tatizo ni kwamba shamba hilohilo humpeleka akiwa amepungukiwa na kitu ambacho mtihani utamdai.

4.0 Jinsi Likizo Inavyopimwa Bila Kuulizwa

4.1 Lugha

Kitu hicho ni lugha ya mtihani. Lugha ya kufundishia na ya mitihani katika shule za sekondari ni Kiingereza, isipokuwa katika somo la Kiswahili na masomo mengine machache. Kwa mwanafunzi wa Mpanda, Kiingereza ni lugha ya darasani tu. Hakisikii njiani, hakitumii nyumbani, wala hakimsaidii kuuza gunia la mpunga. Lugha ya namna hiyo, isiyokuwa na mzizi nje ya darasa, hukauka upesi darasa linapofungwa. Mwezi mmoja wa Desemba hupunguza msamiati. Miezi saba ya kungoja huweza kubomoa hata miundo ya sentensi ambayo ilikuwa haijakomaa.

Mwenzake wa Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, ambaye mzazi wake ana uwezo, huutumia muda huo kwa namna nyingine. Huenda tuisheni, hujiunga na masomo ya awali ya kidato cha tano yanayojulikana kwa jina la 'prifomu faivu', na hukaa katika nyumba yenye vitabu, televisheni na intaneti. Julai inapofika, wanafunzi hawa wawili huketi katika darasa moja. Mwalimu huanza sura ya kwanza. Mmoja amekwisha kuisoma, mwingine anahangaika kuyafahamu maneno yake. Baada ya miaka miwili hufanya mtihani mmoja, na tofauti ya pointi zao husomwa kuwa ni tofauti ya akili. Katika tofauti hiyo imo hesabu ya miezi saba.

Yafaa ieleweke kwamba kosa si la Kiswahili, wala si la Kibende au Kisukuma. Miezi ya shambani ni miezi ya lugha hai. Kijana husikia hapo methali, mashauri, ugomvi na mapatano ya watu wazima, na Kiswahili chake hukua. Kasoro ni kwamba ukuaji huo hauna mahali pa kuhesabiwa, isipokuwa katika somo moja. Hata katika somo hilo, mwanafunzi wa tahasusi ya Historia, Kiswahili na Kiingereza hudaiwa istilahi za fasihi na isimu zaidi kuliko ufasaha wenyewe.

4.2 Taarifa na taratibu

Njia ya pili ni ya taratibu za maombi. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 waombaji hupeleka maombi yao moja kwa moja katika vyuo, baada ya kuachwa kwa mfumo wa pamoja ulioanza kutumika mwaka 2010. Maombi hayo, pamoja na yale ya mkopo katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hufanywa kwa mtandao katika majuma machache ya katikati ya mwaka. Mwombaji wa mkopo anahitaji pia cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa. Kwa aliye mjini hizo ni kazi za siku mbili. Kwa aliye katika kijiji cha mbali cha Wilaya ya Tanganyika, ni safari ya kwenda mjini, ni nauli, ni kulala kwa jamaa, na ni siku zinazotolewa katika mavuno. Mwalimu ambaye angemshauri kozi ya kuchagua yumo likizoni. Matokeo yake ni kwamba huchagua kwa kufuata uvumi, au hujaziwa fomu na mtu asiyemjua, naye hujikuta amekosa kozi ambayo alama zake zingemruhusu kuisoma.

4.3 Wasichana

Njia ya tatu ndiyo chungu kuliko zote. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa, katika Mkoa wa Katavi, asilimia 45 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Kiwango hicho kilikuwa cha juu kuliko cha mkoa mwingine wowote nchini. Haingekuwa haki kuitwika likizo mzigo wote wa jambo hili, kwa kuwa sababu zake ni nyingi. Walakini ni dhahiri kwamba msichana 'aliyemaliza', ambaye hana daftari la mahudhurio linalomtafuta wala mwalimu anayemwuliza habari zake, yumo katika hatari kubwa kuliko aliye shuleni. Katika maisha yake kitenzi kumaliza kinaweza kuwa hukumu. Mwezi Novemba mwaka 2021 Serikali iliruhusu waliokatiza masomo kwa sababu ya kujifungua warudi katika shule za kawaida. Ruhusa hiyo ni kubwa, ila hainufaishi mtu asiyehesabiwa kuwa ni mwanafunzi anayerudi.

5.0 Je, Shughuli za Likizo Zihesabiwe?

Wapo watakaosema kwamba, kama likizo hupimwa kwa siri, basi ni afadhali ipimwe hadharani. Hoja yao ina uzito na haifai kudharauliwa. Kijana aliyesimamia bani la baba yake anajua mambo ya joto na wakati, anajua kuweka hesabu ya kuni na ya mitumba, na anajua kuongoza vibarua wanaomzidi umri. Aliyerina asali katika misitu ya Mlele anajua miti na majira yake ya kuchanua. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina kampasi ndani ya mkoa huuhuu, iliyopewa jina la Mizengo Pinda, ambamo elimu ya nyuki ni miongoni mwa zinazofundishwa. Huulizwa basi, kwa nini ujuzi wa kijana huyo usiwe na alama?

Jibu linapatikana katika historia. Mwezi Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilitoa Azimio la Musoma, ambalo liliubadili udahili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda chuoni moja kwa moja. Alitakiwa kwanza apitie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, kisha apate mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la chama. Nia ilikuwa njema. Miaka minane kabla yake, mnamo Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo hicho waliandamana kupinga utumishi wa lazima, na mamia walirudishwa makwao. Viongozi walikuwa wakitafuta msomi asiyejitenga na wakulima waliomsomesha. Kwa maneno mengine, Tanzania ilikwisha kuzihesabu shughuli za nje ya darasa katika udahili, na ilizihesabu kwa uzito kuliko Marekani.

Utaratibu huo haukudumu. Idadi ya wanawake waliojiunga ilipungua, kwa maana msichana aliyetoka shuleni kwa miaka kadhaa alikutwa na ndoa na malezi, na miaka michache baadaye wasichana waliondolewa katika sharti hilo. Kozi za sayansi na uhandisi nazo zilikosa watu wa kutosha. Hatimaye, katika miaka ya 1980, sharti lenyewe liliachwa. Fundisho lililo muhimu kwa mjadala huu linahusu barua ya mapendekezo. Barua hudai mwandikaji mwenye cheo na muhuri. Kijana aliyeajiriwa katika wizara au shirika la umma alikuwa naye. Kijana aliyelima shamba la baba yake Mpanda hakuwa na mwajiri wa kumsifu, ingawa huenda alifanya kazi kuliko mwenzake. Sharti lililowekwa ili kumtukuza mkulima lilimpa nafasi zaidi mtu wa ofisini.

Mfano wa Marekani unaeleza jambo hilohilo kwa upande mwingine. Huko wanafunzi wa sekondari wana likizo ndefu ya kiangazi, kati ya Juni na Agosti, na vyuo vingi huuliza ilivyotumiwa. Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi humpa mwombaji nafasi ya kuorodhesha shughuli zisizozidi kumi. Matokeo yake ni kwamba pamezuka biashara ya likizo, yaani kambi za gharama kubwa, safari za kujitolea katika nchi za mbali, na washauri wa kulipwa wa kuipamba orodha hiyo. Mwaka 2019 mahakama za huko zilianza kusikiliza kesi za wazazi matajiri waliolipa ili watoto wao wadahiliwe, baadhi yao kwa kusingiziwa uhodari wa michezo wasiyoicheza. Mwaka 2016 mradi mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard ulitoa taarifa iliyohimiza vyuo vithamini pia kazi za nyumbani na malezi ya wadogo. Ushauri huo ni wa busara. Lakini kuhitajika kwake kunathibitisha kwamba, bila ya kusukumwa, jicho la mdahili huona safari ya ng'ambo kabla ya kuuona mzigo wa kuni.

Kwa hiyo jibu la makala haya ni hapana. Alama ya likizo ikianzishwa leo, itakayoandikwa vizuri ni likizo ya mwenye fedha. Mtihani wa taifa una upungufu mwingi, lakini angalau hausomi barua za wakubwa.

6.0 Je, Likizo Ijazwe na Masomo?

Kundi la pili hupendekeza kinyume chake, yaani shule zisifungwe kwa madarasa ya mtihani na wanafunzi wawekwe katika kambi za masomo. Kambi za namna hiyo zimeenea nchini, na Serikali imekwisha kuzikataza zaidi ya mara moja pale zinapokuwa za lazima au za malipo. Wanaozitetea husema, kwa haki, kwamba mwanafunzi wa Katavi aliye kambini ana mwalimu, ana taa na ana wenzake.

Hata hivyo kambi hugusa likizo fupi tu. Ile miezi saba, ambayo ndiyo yenye hasara kubwa, haiguswi, kwa kuwa anayengoja si mwanafunzi wa shule yoyote. Aidha, kambi huhitaji mchango wa chakula kutoka kwa mzazi yuleyule anayepoteza nguvu kazi wakati wa palizi. Vilevile, mwalimu naye ni binadamu mwenye haki ya kupumzika. Kambi inaweza kumwongezea mwanafunzi majibu ya maswali yaliyopita. Haimjengei mazoea ya kusoma peke yake, na mazoea hayo ndiyo chuo kikuu kinayoyataka zaidi.

Lipo pia kundi la tatu, linalosema kwamba yote haya yangekwisha kama Kiswahili kingekuwa lugha ya kufundishia hadi chuo kikuu. Kwa sehemu kubwa kundi hili lina ukweli, na hoja zake zimekwisha kutolewa katika majarida ya Kiswahili kwa miongo mingi. Lakini mwanafunzi wa mwaka huu hawezi kuyangoja mabadiliko ya sera kama anavyoyangoja matokeo. Anahitaji msaada katika mfumo uliopo.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, anayengoja apewe hadhi. Inapendekezwa kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne abaki katika daftari la shule yake hadi uchaguzi wa kidato cha tano utakapotangazwa, na aitwe mwanafunzi anayengoja, wala asiitwe aliyemaliza. Hatua hii haina gharama kubwa. Huiambia kaya kwamba mtoto bado ni wa shule, humpa mwalimu sababu ya kumwulizia, na humwachia kijana haki ya kuazima vitabu. Inafaa pia barua ya shule kwa mzazi, itakayotaja tarehe ya matokeo na mwezi wa kuripoti, iandikwe kwa Kiswahili chepesi.

Pili, vitabu viende kwa mwanafunzi. Vitabu vinavyokusanywa Novemba na kufungiwa stoo hadi Januari havimfaidii mtu. Shule ikimwazima kila anayengoja kitabu kimoja cha somo analokusudia na kitabu kimoja cha kusoma kwa starehe, hata saa moja ya jioni baada ya kazi itazuia lugha isikauke kabisa.

Tatu, idara za Kiswahili zitoe kile ambacho zinaweza kukitoa zenyewe. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi hiyo ilionyesha kwamba istilahi zaweza kuwekwa katika lugha mbili na zikaeleweka. Kinachohitajika sasa ni vijitabu vidogo vya istilahi, vya Kiswahili na Kiingereza, kwa kila somo la kidato cha tano, vyenye maelezo yanayosomeka bila mwalimu. Mwanafunzi atakayefika darasani mwezi Julai akiwa amelielewa wazo kwa Kiswahili atajifunza neno lake la Kiingereza kwa siku moja. Asiyelielewa wazo atakariri neno kwa mwaka mzima.

Nne, kazi ya likizo ithaminiwe baada ya udahili. Msamiati wa tumbaku, wa nyuki, wa uvuvi na wa machimbo katika Mkoa wa Katavi haujakusanywa inavyostahili. Maneno kama bani, duara na karasha yana maana za kikazi ambazo hazimo katika kamusi nyingi, au zimo kwa ufupi mno. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu aliyetoka Mpanda amekwisha kuishi ndani ya data hiyo. Idara zikimpa kazi ya kuiandika, kuifasili na kuitetea mbele ya wenzake, miezi yake ya shambani itageuka kuwa mtaji wa kitaaluma bila ya kuuzwa kama alama ya kuingilia. Hapo hakuna barua ya mwajiri inayotakiwa. Linalotakiwa ni neno lenyewe na maana yake.

Tano, taarifa zipelekwe zilipo kaya. Katika majuma ya maombi, angalau mwalimu mmoja wa kila shule yenye kidato cha sita awepo kituoni akilipwa posho yake, na ofisi za elimu za kata zisaidie kuwakusanya waombaji, hasa wale walio mbali na mji. Ruhusa ya mwaka 2021 kwa wasichana waliojifungua isomwe katika mikutano ya vijiji kila Januari, matokeo yanapotoka.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba udahili wa chuo kikuu huanza mapema kuliko siku ya kujaza fomu. Kwa kijana wa Mpanda huanza mwezi Novemba, wakati mvua ya kwanza inaponyesha na watu wa nyumbani wanaposema kwamba amemaliza. Kuanzia hapo hadi Julai, nchi nzima humwacha peke yake, kisha humpima kwa lugha ambayo hakuwa na mtu wa kuizungumza naye. Imeelezwa pia kwamba kuzihesabu shughuli zake katika udahili kungemdhuru yeye kabla ya mwingine yeyote, kama historia ya Azimio la Musoma na mfano wa Marekani vinavyofundisha.

Hakuna anayeomba kwamba mwanafunzi wa Katavi apunguziwe kiwango. Linaloombwa ni kwamba kipindi cha kungoja kiwe na kitabu, kiwe na mwalimu wa kuulizia, na kiwe na jina linaloahidi kurudi. Mengine atayafanya mwenyewe, maana kazi ameizoea.